Bisibisi si Dawa ya Kila Injini

Najua wapo watakaouliza injini ya gari inaingiaje katika jarida la Chama cha Kiswahili, mahali tulipozoea kusoma mashairi na malumbano juu ya chakula cha bwalo. Mimi nasema inaingia, na inastahili ukurasa wake. Lugha isiyoweza kueleza gari linaumwa wapi itabaki kuwa ya kuombea kura na kuimbia harusini. Na neno langu ni hili: fundi ambaye akisikia gari kuukuu linatetemeka likiwa limesimama, kitu cha kwanza anashika bisibisi na kuongeza mizunguko ya injini, huyo hajatengeneza gari. Amemnyamazisha shahidi.

Wengi wetu tumepanda gari la namna hiyo. Barabarani linakwenda bila taabu, lakini likifika kwenye taa za trafiki linaanza kutikisika kama mtu mwenye homa, mara likazima. Watu husema, "Hii gari inamisi." Sasa jiulize, mbona ugonjwa huja wakati wa kusimama tu?

Dereva akiondoa mguu kwenye mafuta, kile kilango cha hewa kilicho ndani ya kabureta hujifunga karibu kabisa. Injini inaishi kwa hewa kidogo mno, na petroli inapitia kijitundu chenye upana wa kama nusu milimita hivi. Kipande cha uchafu kidogo tu chaweza kukiziba. Wakati huo huo pistoni zinaendelea kuvuta, kwa hiyo ndani ya manifoldi kunakuwa na mvuto mkubwa. Ikiwa paipu imepasuka au gasketi imelegea, hewa ya wizi inapenya na kuharibu mchanganyiko. Ukikanyaga mafuta, hewa halali inakuwa nyingi hata ile ya wizi haisikiki tena. Kijiko kimoja cha chumvi kwenye sufuria kubwa ya jikoni hapa shuleni hakuna atakayekigundua. Hebu kitie kwenye kikombe chako cha chai uone.

Basi kuongeza mizunguko kwa bisibisi ni kukifungua tu kile kilango kidogo zaidi. Kutetemeka kunapungua, mwenye gari anatoa pesa, anashukuru. Ufa uko pale pale.

Mjomba wangu ana Peugeot 504 ya stesheni wagoni. Gari la aina ya 504 ndilo lililoshinda Safari Rally mwaka 1975, na tena 1978, kwa hiyo mjomba hakubali kuambiwa kwamba lake ni bovu. Hulitumia kubebea kabichi kutoka Limuru, akiteremka Mai Mahiu kwenda Naivasha. Lilipoanza kuzimazima, fundi mmoja, ambaye sitamtaja, aliongeza mizunguko mara tatu katika miezi minne. Injini nyingi za kabureta za silinda nne za enzi hizo hutakiwa kuzunguka kati ya mara 700 na 900 kwa dakika zikiwa zimesimama. Ile ya mjomba ilifika mahali ikawa inanguruma kama inapanda mlima, na ukiondoa mguu kwenye mafuta bado inakusukuma. "Mzee, huu ni uzee tu," fundi akamwambia, "tafuta kabureta mpya."

Kabla mjomba hajauza mbuzi kununua kabureta, alipelekwa kwa mzee mmoja wa jua kali. Huyu alikuja na koleo tu. Kwanza aliuliza: linatikisika likiwa baridi au likiwa moto? Linakata kwa mpigo mmoja usiobadilika, au linapanda na kushuka? Tofauti ni kubwa, kwa sababu mpigo usiobadilika mara nyingi huonyesha silinda moja imelala, na kupanda na kushuka huelekeza kwenye hewa na petroli. Akarudisha skrubu chini, gari likaanza homa yake. Kisha akawa anabana paipu za mpira moja baada ya nyingine kwa koleo, polepole, akisikiliza. Alipobana ile nene inayokwenda kwenye busta ya breki, kutetemeka kukakoma. Paipu ilikuwa imepasuka chini ya kifungio chake.

Hapo ndipo hoja yangu ilipo. Busta hutumia mvuto ule ule wa injini kuusaidia mguu wa dereva kusukuma breki. Paipu ikivuja, injini inatikisika na breki nazo zinakuwa ngumu. Kule kutetemeka kulikuwa kunatuarifu habari za breki, na bisibisi ikakunyamazisha kwa miezi minne kwenye mteremko wa Mai Mahiu! Mjomba alikuwa amehisi pedali imekuwa nzito, ila alidhani ni goti lake linazeeka.

Kipimo cha busta hata mwanafunzi wa kidato cha kwanza anaweza kukifanya. Injini ikiwa imezimwa, kanyaga breki mara kadhaa, halafu shikilia mguu papo hapo na uwashe. Pedali yafaa izame kidogo. Isipozama, usiende popote. Kama busta ni nzima, nyunyizia maji ya sabuni kwenye maungio ya manifoldi, usikie kama sauti itabadilika. (Wapo wanaonyunyiza petroli juu ya injini ya moto. Hao waacheni.) Kisha toa plagi uzitazame: rangi ya hudhurungi ni afya, masizi makavu ni petroli kuzidi, mafuta ya injini ni pistoni au valvu zilizochakaa. Kabureta iguswe mwisho.

Sisemi skrubu haina kazi. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya pwani. Gari la kabureta lililopimwa Mombasa likija huku petroli inazidi hewa, plagi zinakuwa nyeusi, na hapo kurekebisha mchanganyiko ni halali kabisa. Lakini huko ni kurekebisha baada ya kujua.

Na tusiwalaumu mafundi peke yao. Wateja ndio husimama kichwani wakisema, "Fanya haraka, nina safari." Wengi wetu tuko tayari kulipia kitu kilichofunguliwa na kufungwa, kilichotoka na mafuta mikononi, kulipia mtu aliyesikiliza kwa dakika arobaini hatutaki. Mjomba mwenyewe, baada ya yote hayo, alianza kubisha bei. "Umefanya nini cha pesa hizo? Si umebadilisha kipande cha mpira tu?"

Yule mzee hakukasirika. Alimletea paipu iliyopasuka na bisibisi, akamwambia airudishe ile ya zamani mwenyewe, ateremke nayo Naivasha bure. Mjomba alilipa.