Mgeni huyu tumpe jembe: watoto wetu na akili bandia



Kalasi ya sita inajitayarisha kwa ENAFEP, na kila juma ninawapa watoto hesabu za kufanya nyumbani. Moja ilikuwa hii: mama amenunua gunia la mahindi kwa franka 60 000, naye anataka faida ya asilimia 15. Ataliuza kwa bei gani? Makaye yaliporudi, matano yalikuwa na maneno yale yale, Kifaransa safi cha kitabu, na ndani yake herufi x ambayo hatujaifundisha bado. Jibu lenyewe, franka 69 000, lilikuwa sawa. Nikamwita mmoja kwenye ubao nikamwomba anionyeshe ile 9 000 imetoka wapi. Akanyamaza. Wa pili akanyamaza pia. Wa tatu akasema ukweli: «Mwalimu, ni telefone ya yaya.»

Hakuna aliyeadhibiwa. Mtoto akipata njia fupi ataipita, hata sisi wakubwa tunafanya hivyo. Lakini siku ya egzame telefone ya yaya itabaki nyumbani, na mtoto atakuwa peke yake na kalamu yake. Ndiyo sababu juma hili ninaomba tuzungumze juu ya kitu hicho kinachowajibu watoto wetu, na juu ya nani anapaswa kukisimamia.

Kitu hicho kinaitwa akili bandia. Wengine husema akili mnemba. Ni programu iliyosomeshwa maandishi mengi sana, mengi kuliko ambayo mtu mmoja angeweza kusoma maisha yake yote, mpaka ikajua neno gani kwa kawaida linafuata neno gani. Ukiiuliza swali, inatunga jibu neno baada ya neno. Haikumbuki kama bibi anavyokumbuka, wala haioni kama jirani anavyoona. Kwa hiyo inaweza kusema kweli na uongo kwa sauti ile ile, bila kusita. ChatGPT, iliyo maarufu zaidi, ilifunguliwa kwa watu wote mwezi wa 11 mwaka 2022. Kwa umri ni ndogo kuliko mtoto yeyote wa kalasi ya kwanza, na tayari tunaiacha ifundishe wakubwa zake.

Wazee walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu ni mgeni. Kuna wamama wanaotaka tumfukuze, wafiche kila telefone mpaka mtoto amalize masomo. Ninawaelewa, lakini mtoto ataikuta kwa yaya, kwa rafiki, au kwa kijana anayeuza mega barabarani. Wengine wanamwachia mgeni nyumba nzima kwa sababu mtoto ametulia na hasumbui. Njia ya katikati ni ile ya wazee: akae, lakini afanye kazi tunayompa sisi, nasi tuwe shambani pamoja naye.

Faida yake ipo, wala sitaificha. Katika kalasi yenye watoto wengi na vitabu vichache, mwalimu hawezi kumtungia kila mtoto mazoezi yake. Mimi mwenyewe niliiomba akili bandia initungie maswali 20 ya hesabu. Nikayapima moja moja kabla ya kuyaandika kwenye ubao. Mawili yalikuwa na majibu mabaya, nikayatupa, 18 yakanisaidia. Mtoto anayeogopa kuuliza mbele ya wenzake anaweza kuiuliza mara kumi bila kuchekwa. Mtoto asiyeona vizuri anaweza kusomewa. Hizo ni kazi za jembe.

Hatari zake pia zipo, na tatu ndizo ninazoziona karibu nasi.

Ya kwanza ni ile ya makaye matano: mtoto anapata jibu, hapati akili. Ya pili ni uongo wenye sura nzuri. Mashine hii imesoma sana habari za Paris na New York, imesoma kidogo sana habari zetu. Mwaka 2015 Katanga iligawanywa kuwa majimbo manne: Haut-Katanga, Haut-Lomami, Lualaba na Tanganyika. Maandishi mengi ya zamani bado yanasema Katanga ni jimbo moja, na mashine inaweza kuyafuata hayo. Mtoto akinakili, atakosa alama na hatajua kwa nini. Ya tatu ni siri. Mtoto, hasa binti anayeanza kukua, anaweza kuandikia mashine mambo ambayo hajamwambia mama yake: mwili wake, hofu yake, ugomvi wa nyumbani, hata picha yake. Anadhani anaongea na rafiki. Maneno yale yanakwenda kwenye mashine za kampuni iliyo mbali, na sisi hatujui yanatunzwa kwa muda gani wala nani atayasoma.

Sasa, nani anasimamia? Karatasi hazikukosekana. Mwaka 2021 UNICEF ilitoa mwongozo juu ya akili bandia na watoto, wenye mambo 9 yanayotakiwa. Kati yake kuna haya: mashine isaidie mtoto kukua vizuri, isimbague mtoto yeyote, ilinde siri zake, na awepo mtu wa kujibu inapokosea. Mwaka 2024 Umoja wa Afrika ulipitisha mpango wake wa bara zima juu ya akili bandia. Hapa Kongo tuna sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 mwezi wa kwanza 2009, inayosema kila aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, na tangu tarehe 13 mwezi wa 3 mwaka 2023 tuna sheria ya mambo ya dijitali, inayogusa pia ulinzi wa habari za mtu. Hata ChatGPT yenyewe ina sharti lake: aliye chini ya miaka 13 asiitumie, na aliye kati ya 13 na 18 awe na ruhusa ya mzazi. Lakini karatasi haina mikono. Haiwezi kuingia chumbani saa mbili ya usiku kuangalia mtoto anaandika nini. Mikono ni yetu, na mkono mmoja haulei mwana.

Kwa hiyo ninasema ushirika, na ninataka tuelewane juu ya neno hilo, maana limechoka kwa kutumiwa katika mikutano. Ushirika ni pale kila mmoja anajua anatoa nini, anapata nini, na atajibu juu ya nini. Nitatoa mifano miwili, mmoja mzuri na mmoja mchungu.

Mzuri ni wa wakati wa Korona. Mwaka 2020 vyuo vikuu, kampuni kubwa za kompyuta na shirika la watafsiri, Translators without Borders, waliungana katika kazi iliyoitwa TICO-19. Walitafsiri habari za ugonjwa ule katika lugha zaidi ya 30, ili mashine zijifunze kutafsiri vizuri, na matokeo wakayatoa bure kwa kila mtu. Katika lugha hizo, Kiswahili cha Kongo kilipewa nafasi yake, mbali na Kiswahili cha pwani. Shirika lile lile lilitengeneza programu ya kujibu maswali ya watu wa Kongo juu ya Korona, jina lake Uji, kwa Kifaransa, Kilingala na Kiswahili chetu. Hapo kila mmoja alileta chake: huyu mashine, huyu elimu, huyu lugha ya mama yake. Kazi ile ilikuwa ya ugonjwa. Tunaweza kuomba ya namna hiyo kwa masomo ya watoto.

Mfano mchungu ni wa Nairobi. Ili mashine isimtolee mtoto maneno machafu, kuna watu wanaolazimika kuyasoma kwanza na kuyatia alama. Mwezi wa kwanza 2023 gazeti la Time la Marekani lilieleza jinsi wafanyakazi wa kampuni ya Sama huko Kenya walivyofanya kazi hiyo kwa ajili ya OpenAI, wenye ChatGPT, kwa malipo ya chini ya dola 2 kwa saa. Walisoma hata maandishi juu ya watoto wanaotendewa uovu, na baadhi yao wakasema kazi ile iliwaumiza rohoni. Mwezi wa 5 mwaka huo, wafanyakazi zaidi ya 150 wa kazi za namna hiyo walikutana Nairobi wakaamua kuunda chama chao. Usalama wa mtoto wa mbali ulilipwa na roho ya kijana wa jirani.

Sisi wa Katanga tunaijua hadithi hiyo kwa upande mwingine. Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inachimbwa Kongo, na inaingia katika batri za telefone. Kuna watoto waliobeba mifuko ya mawe kwenye machimbo wakati wenzao walibeba kaye. Ardhi yetu imo ndani ya telefone ile tangu siku ya kwanza. Tukiomba mashine isome Kiswahili chetu na ilinde watoto wetu, hatuombi zawadi. Tunaomba sehemu yetu.

Na hapa nyumbani tuanzie wapi? Hili ndilo pendekezo langu kwa chama, ili tulipeleke kwa komite ya wazazi, COPA, ya kila nyumba ya masomo.

Mwalimu atoe neno wazi: kazi hii telefone inaruhusiwa, kazi ile hairuhusiwi. Na alama zisiwe za jibu peke yake. Mtoto aeleze kwa mdomo amefikaje.

Mzazi aweke mahali pa telefone: sebuleni au nje penye watu, si chini ya blanketi. Na mtoto ajue mambo manne yasiyoandikwa kamwe kwenye mashine: jina lake lote, mahali anapoishi, picha yake, na siri ya nyumba. Sheria hiyo itufunge na sisi wazazi, tunaotuma picha za watoto katika kila kikundi cha WhatsApp.

Vijana wanaouza mega na kutengeneza telefone ni watoto wetu pia. Tuwaite, tuketi nao, tuwaombe wasimfungulie mtoto wa miaka 10 akaunti kwa kuandika kwamba ana miaka 18.

Kampuni za mtandao nazo zina deni. Vodacom na wizara ya elimu wana VodaEduc, inayoweka masomo ya mpango wa taifa kwenye telefone. Njia hiyo inaonyesha kwamba kampuni na serikali wanaweza kufanya kazi pamoja kwa ajili ya mwanafunzi. Chama chetu kinaweza kuandika barua na kuomba zaidi: maelezo kwa Kiswahili chetu, na namba ya kupiga mtoto anapotendewa vibaya mtandaoni. Barua ya mama mmoja wataiweka kando. Barua yenye sahihi za wamama mia itawachosha kidogo kuiweka kando.

Najua kuna mama anayesoma haya, au anayesomewa, na anasema moyoni: mimi Kifaransa sijui, telefone yangu ni ya kupiga tu, nitasimamia nini? Mama, wewe ndiye wa kwanza katika ushirika huu. Rudi kwenye lile gunia la mahindi. Ungeulizwa sokoni ungejibu bila kalamu: katika 60 000, asilimia kumi ni 6 000, nusu yake ni 3 000, jumla 9 000, basi ninauza 69 000. Hesabu ambayo watoto watatu walishindwa kuieleza kwenye ubao, wewe unaifanya ukiwa umebeba mtoto mgongoni. Katiba yetu inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa; kitumie kupima elimu ya mwanao.

Kila jioni kabla ya bukari, muulize mtoto neno moja tu: «Nieleze ulichojifunza leo, kwa lugha yetu.» Akikueleza mpaka ukaelewa, amejua, hata kama alisaidiwa na telefone. Akishindwa, hajajua, hata kama kaye yake imejaa Kifaransa cha ajabu. Usimpige wala usimcheke. Mwambie arudi akaulize tena: mashine, yaya au mwalimu, mpaka aweze kukueleza.

Wamama wa komite, ninaomba jambo hili liandikwe katika ajenda ya mkutano ujao. Tuchague wamama wawili na walimu wawili waandike mapatano ya ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, yasomwe kwa sauti mbele ya wote, watoto wakiwepo, nao waulizwe maoni yao. Wanaojua mashine hii kuliko sisi ni wao. Na mwenye swali kabla ya siku hiyo, mlango wa kalasi ya sita uko wazi kila siku baada ya kengele ya mwisho.

Juma jema kwenu nyote.