Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Kagera: Kivuli cha kusomea kiandaliwe kabla ya mlipuko

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa,

Nakuandikia kuhusu jambo ambalo tukilisubirisha hadi mlipuko wa ugonjwa uingie tutakuwa tumechelewa: mahali pa kusomea nje kwa kila shule ya Bukoba na Muleba, iwe ya mjini, ya kijijini au ya visiwani.

Mkoa wetu haujapumzika. Machi 2023 Marburg ilitangazwa Bukoba Vijijini, katika kata za Maruku na Kanyangereko, ikaua watu 6 kati ya 9 waliougua. Januari 2025 ikarudi kupitia Biharamulo. Kabla ya hapo, Machi 17, 2020, Serikali ilitangaza kufunga shule kwa sababu ya UVIKO-19, na wanafunzi wengi hawakurudi darasani hadi Juni 29. Masomo yalihamia redioni na kwenye televisheni. Nyumba isiyo na redio wala umeme, mtoto wake alishinda shambani.

Nashukuru kwa madarasa 15,000 yaliyojengwa nchini kwa fedha za UVIKO-19. Lakini watoto wanne wakibanana kwenye dawati moja, viwiko vinagusana siku nzima, hata bati likiwa jipya. Nje kuna hewa na nafasi ya kutogusana. Tetemeko la Septemba 10, 2016 lilipobomoa majengo, wapo walimu waliofundishia chini ya miti na kwenye maturubai, na masomo yakaendelea.

Ninachohofia ni waraka utakaosema tu, "Fundishieni nje." Shule yenye bustani na mahema itatii asubuhi hiyo hiyo. Shule ya umma itategemea ruzuku ya sh 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka, ambayo sehemu yake ni ya vitabu. Itakapopungukiwa, mzigo utaangukia michango ya wazazi, na mtoto wa asiye nacho ndiye atakayekaa juani. Visiwani Muleba hata bati na saruji hufika kwa boti, na nauli inapandisha gharama.

Tena si kila mti unafaa. Marburg inahusishwa na popo wala matunda, kwa hiyo mwembe unaodondosha maembe yaliyomegwa usiwe darasa. Bukoba nayo ni mji wa mvua. Masika yakishika kasi, daftari lililo magotini linalowa kabla mwalimu hajamaliza kuandika tarehe ubaoni. Na mwanafunzi mwenye ualbino hawezi kuvumilia kivuli kinachohama saa nne. Anahitaji paa, kofia pana na mafuta ya ngozi, navyo viwe kwenye bajeti badala ya kuachwa kwa huruma ya mwalimu.

Tunachoomba si ghorofa. Nguzo za mikaratusi, bati, sakafu iliyoinuliwa yenye njia ya kiti cha magurudumu, ubao, na kibuyu chirizi chenye sabuni. Mafundi wapo kila kata. Zianze shule zenye msongamano mkubwa na uwanja mdogo, na pale pasipo uwanja kabisa, halmashauri izungumze mapema na misikiti, makanisa na ofisi za vijiji kuhusu maeneo yao.

Waagize wakurugenzi watenge fedha hizo katika bajeti ijayo, na majina ya shule zitakazoanza yabandikwe kwenye mbao za matangazo za kata, wazazi tuyasome.

Mzazi, Bukoba