Hadithi ya Pompeii itafsiriwe hapa Goma

Mwaka 1887, mjini Barcelona, Mhispania Enrique Gaspar alichapisha riwaya inayoitwa El anacronópete. Ni kati ya hadithi za kwanza duniani zenye mashine ya kusafiri katika wakati, miaka minane kabla ya ile ya Mwingereza H. G. Wells. Mashine ya Gaspar inatumia umeme na kuwarudisha abiria nyuma: hadi China ya kale, hadi Pompeii ya mwaka 79, volkano ya Vesuvio ilipolipuka.

Waingereza na Wamarekani wanaweza kuisoma kwa lugha yao tangu 2012. Tafsiri ya Kiswahili, mimi nasema ifanyike hapa Goma.

Kuna wanaodai Kiswahili chetu hakina maneno ya sayansi. Wawaulize wataalamu wa volkano. Gesi ya kaboni inayotoka ardhini, ikajikusanya mabondeni na kuua watu na mifugo, wao wanaiita mazuku, hata wakiandika Kifaransa au Kiingereza. Neno hilo wamelikuta kwetu.

Tena, mtafsiri wa Ulaya anaijua Pompeii kwa kutembelea magofu yake. Mkaaji wa Goma aliona lava ya Nyiragongo ikipita katikati ya mji Januari 2002, na ikifika Buhene Mei 2021. Anajua rangi ya mbingu usiku ule, na mama anabeba nini kwanza akikimbia.

Wengine watauliza: watu wamechoka na vita, riwaya ya nini? Swali ni la haki. Lakini lugha inayotumiwa tu kutangaza mapigano na mgao wa chakula, mwishowe itabaki na maneno hayo tu. Watoto wetu wanastahili zaidi.

Kazi yenyewe haihitaji pesa nyingi. Gaspar alikufa mwaka 1902, kwa hiyo maandishi yake ya Kihispania ni huru. Atafutwe mmoja anayejua Kihispania, mwalimu wa Kiswahili, na wazee waliokimbia lava tangu ile ya 1977, wasahihishe maneno. Waanze na sehemu ya Pompeii peke yake, isomwe redioni.

Na mashine hiyo tuiite nani? Jina lake la Kigiriki lamaanisha kitu kinachoruka kurudi nyuma katika wakati. Mimi napendekeza "kirukanyuma". Mwenye jina bora alilete.