Mkutano wa wasaka vijisanduku: mtoto aende?

Geocaching, mchezo wa kusaka vijisanduku vilivyofichwa kwa kutumia GPS, ulianza Oregon, Marekani, Mei 2000. Wachezaji pia hukutana ana kwa ana, na hapo ndipo mzazi husita: mtoto aliyezoea kusaka na baba yake sasa anataka kukaa na watu wanaojuana kwa majina ya bandia.

Aende, ila na mzazi. Mikutano ya kawaida haina kiingilio, na mingine ni ya nusu saa tu, mkichoka, mnaondoka. Soma tangazo kwanza. Wa baa usiku si wake, wa bustanini mchana unamfaa.

Bora kuanza na ule wa kuokota taka, uitwao CITO. Mtoto mwenye haya hupata kazi ya mikono kabla ya kulazimika kuzungumza, na hilo humsaidia kuliko kusukumwa mbele akasalimie. Avae glavu. Akiona sindano asiiguse, amwite mkubwa. Mkirudi kutoka kwenye nyasi mkague kupe kwapani, nyuma ya magoti na masikioni. Wa Marekani na Ulaya huweza kuambukiza ugonjwa wa Lyme.