Fomu Isiyouliza Maumivu Haipimi Ulemavu

Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, walinena wahenga. Kwa mwanajeshi wa zamani wa Marekani, hata hivyo, adhabu hiyo husimuliwa na mtu mwingine, tena kwa kujaza fomu. Anayedai malipo ya ulemavu alioupata jeshini hupimwa na daktari, naye daktari huandika majibu katika hojaji iliyotungwa kwa ajili ya kiungo au ugonjwa unaohusika. Afisa anayeamua dai kwa kawaida hamwoni mdai, husoma karatasi. Kwake yeye, karatasi hiyo ndiyo goti, ndiyo mgongo.

Tuchukue mfano wa goti. Goti zima hukunjika hadi nyuzi 140. Kanuni za Wizara ya Wanajeshi wa Zamani zasema kuwa goti linalokomea nyuzi 45 ni ulemavu wa asilimia 10. Likikomea nyuzi 30, asilimia 20. Nyuzi 15, asilimia 30. Hesabu hii ni safi, na kila daraja lina fedha zake. Lakini je, goti lililopimwa asubuhi, mwenyewe akiwa amepumzika, ndilo lile linalomwangusha ngazini jioni?

Swali hilo limefika mahakamani zaidi ya mara moja. Mwaka wa 1995, katika kesi ya DeLuca dhidi ya Brown, iliamuliwa kwamba mpimaji azingatie pia maumivu, udhaifu na siku ambazo ugonjwa huzidi. Hata hivyo, madaktari wengine waliendelea kuandika kwamba hawawezi kukadiria hali ya siku ambayo hawakuishuhudia. Mwaka wa 2017, katika kesi ya Sharp dhidi ya Shulkin, mahakama ilisema udhuru huo hautoshi: daktari sharti kwanza amsikilize mgonjwa na kuzipima habari zake.

Isitoshe, mwaka wa 2020 Wizara iliziondoa hojaji hizo machoni pa umma, ikitaja miongoni mwa sababu zake hofu ya udanganyifu. Mdai aliyetaka kupimwa na daktari wake mwenyewe akawa hana fomu ya kumpelekea. Sheria iliyotiwa sahihi Januari 2021 iliamuru zirejeshwe.

Hatukatai kwamba wadanganyifu wapo. Fedha za umma ni amana, na ni haki zilindwe. Lakini dawa ya udanganyifu ni kuchunguza majibu, si kuficha maswali. Sheria ya Marekani yenyewe yasema kuwa ushahidi wa pande mbili ukilingana, shaka imfae mdai. Huruma hiyo ya sheria haina maana ikiwa ushahidi wa mdai haukupata hata mstari wa kuandikwa.

Walimu na wanafunzi wanalielewa jambo hili vyema. Mtihani usiouliza alichosoma mwanafunzi humfelisha aliye hodari, na kosa si lake. Vivyo hivyo, fomu inayouliza nyuzi pekee itapata nyuzi pekee. Basi na iulize siku mbaya huwaje, hutokea mara ngapi, na humzuia mtu kazi gani. Nalo jibu la mgonjwa liandikwe kwa ukamilifu. Aliyetumwa vitani kwa amri ya taifa hastahili kunyimwa haki yake kwa upungufu wa swali.