Kabla Hujanunua Betri Nyingine ya Trela

Leo naweka kompyuta kando, ingawa wanaonifahamu watagundua kwamba sijaenda mbali. Nataka kuzungumzia trela za kuishi, zile nyumba ndogo za magurudumu ambazo Wamarekani huzivuta nyuma ya pikapu, na ile tabia ya kukimbilia dukani kila umeme wake unapozimika. Msimamo wangu ni mmoja tu: usinunue betri, wala fyuzi ya shilingi kumi, kabla hujapima umeme mwanzo wa njia na mwisho wa njia.

Mkenya anahusika vipi na trela? Anahusika. Tuna ndugu zetu wengi Marekani, na baadhi yao ni wauguzi wanaofanya kazi kwa mikataba ya miezi michache, leo jimbo hili, kesho lile. Kodi ya nyumba huko ni moto. Kwa hiyo wapo wanaonunua trela na kuhama nayo. Binamu yangu ni mmoja wao.

Kwanza tuelewane jinsi mambo yalivyo. Ndani ya trela kuna mifumo miwili ya umeme. Upo wa volti 120, unaoingia kwa kebo nene kutoka kwenye nguzo ya kambi, kwa kawaida wa ampea 30 au 50. Huo huendesha kiyoyozi na soketi za ukutani. Halafu upo wa volti 12, ambao ni wa betri. Huo huendesha taa, pampu ya maji, kengele ya gesi, bodi ya friji na feni ya hita. Katikati kuna kifaa kiitwacho konvata, kinachoshusha volti 120, kulisha vifaa vya volti 12 na wakati huohuo kuchaji betri.

Hapo kwenye feni ya hita ndipo penye hatari. Mtungi wa gesi unaweza kuwa umejaa pomoni, lakini bila volti 12 feni haizunguki, na bila upepo wa feni hita haiwaki. Na kuna jingine: betri hiyohiyo ndiyo hukamata breki za trela iwapo itachomoka kwenye gari barabarani. Kwa hiyo tusiichukulie kama betri ya redio.

Sasa nije kwa binamu yangu. Alikuwa Minnesota, msimu wa baridi, theluji hadi dirishani. Trela ilikuwa imechomekwa kwenye nguzo na kila kitu kinafanya kazi. Usiku mmoja dhoruba ikakata umeme wa kambi na trela nzima ikawa giza, hita kimya. Ilibidi akalale kwa watu. Kesho yake dukani wakamwambia betri imekufa, wakamuuzia nyingine. Umeme wa kambi ulipokatika tena wiki mbili baadaye, giza lilelile. Ndipo akanipigia simu. "Kaka, hii ni betri ya pili na bado nalala na koti!"

Nilimuuliza kama ana mita ya kupimia umeme. Alikuwa nayo, ile ya bei rahisi. Tukachomoa kebo ya nguzo na kupima kwenye vichwa vya betri: 12.7. Kwa betri ya asidi iliyopumzika, hiyo ni imejaa. (12.2 ni kama nusu, chini ya 12 ni ya kutia hofu.) Kisha tukapima kwenye sanduku la fyuzi, upande unaolisha vifaa: sifuri. Betri ilikuwa nzima kabisa. Kitu kilikatika kati ya hapa na pale, na ukishajua hivyo, umeondoa nusu ya dunia kwenye orodha ya washukiwa. Dakika tano baadaye tulizipata: fyuzi mbili za ampea 40, zile zinazolinda konvata, zote zimeungua.

Kwa nini zote mbili kwa mpigo? Kwa sababu fyuzi hizo zimewekwa kwa kosa moja hasa, la kuunga betri kinyume. Nilipomuuliza nani alifunga betri ya kwanza, akasema ni jirani, fundi wa magari. Fundi aliunga, akaona cheche, akageuza waya, taa zikawaka, akashukuriwa kwa chai.

Simlaumu yule fundi hata kidogo. Kwenye gari, waya mweusi ni hasi, hata mtoto wa gereji anajua. Lakini trela nyingi za Marekani hufuata mtindo wa waya za nyumba: mweupe ndio hasi, na mweusi ndio chanya. Hebu fikiria. Kifaa kinachovutwa na gari, chenye betri inayofanana na ya gari, kinachohudumiwa na watu wa magari, halafu rangi ina maana tofauti! Sisi waandishi wa programu tungeita hicho kiolesura kibovu, na mtumiaji angepewa haki yake. Kipande cha plastiki chekundu kwenye ncha ya waya mweusi kingegharimu nini kiwandani?

Na ona jinsi kosa lilivyojificha. Kwa kuwa konvata iliendelea kulisha taa kutoka kwenye nguzo, hakuna aliyejua kwamba betri ilikuwa imetengwa tangu vuli. Ni kama kampuni inayohifadhi nakala ya data kila usiku na haijawahi kujaribu kuirejesha. Ndiyo maana nawaambia wenye trela: mara moja kwa mwezi, mchana kweupe, chomoa kebo ya nguzo kwa saa moja na uwashe hita. Usingoje dhoruba ikufanyie jaribio.

Fyuzi nazo zina mambo yake. Ikiungua mara tu unapoichomeka, una shoti. Ikiungua baada ya dakika kadhaa, mzigo umezidi. Ikiungua trela ikiwa barabarani tu, tafuta waya unaosuguana na chuma. Kitu usichofanya kamwe ni kuweka kubwa zaidi. Zina rangi ili usikosee: nyekundu ni 10, samawati 15, njano 20, kijani 30. Fyuzi hailindi taa wala pampu, inalinda waya uliomo ukutani. Waya uliopangiwa ampea 15 ukipitisha 30, joto linalozalishwa ndani yake ni mara nne, na kuta za trela ni mbao nyembamba na povu. Wale wetu waliokua wakiona fyuzi ikifungwa kwa karatasi ya ndani ya pakiti ya sigara wanajua ninachosema.

Kama una shoti usiyoiona, usiteketeze pakiti nzima ya fyuzi. Chukua balbu ya gari ya wati 21, uiunge mahali pa fyuzi. Shoti ikiwapo, balbu itawaka kwa nguvu zote, lakini haitapitisha zaidi ya ampea mbili hivi, kwa hiyo waya uko salama. Sasa tenganisha kifaa kimoja kimoja, au ukate njia katikati kama tunavyosaka hitilafu kwenye programu, nusu kwa nusu. Balbu ikififia au kuzimika, kilichotoka mwisho ndicho mkosaji.

Tahadhari moja kuhusu mita za kidijitali: zinavuta umeme kidogo mno. Kwenye kiungo kilichooza kwa ule unga mweupe, mita inaweza kukuonyesha volti 12 safi ilhali kiungo hakiwezi kuwasha hata taa. Kwa hiyo pima wakati kifaa kimewashwa. Feni ya hita inayovuta ampea 8 kupitia kiungo chenye ukinzani wa omu 0.2 hupoteza volti 1.6 njiani. Feni itazunguka kivivu, swichi ndogo inayohisi upepo haitafunga, na gesi haitawaka. Hapo mtu hununua hita! Brashi ya waya ingetosha.

Betri hufa kweli wakati mwingine, sikatai. Kengele ya gesi, redio na bodi ya friji havilali. Vikivuta nusu ampea tu kwa pamoja, ni ampea-saa 12 kwa siku, na betri ya ampea-saa 80 inafika nusu ndani ya siku tatu na kitu. Tuliotazama runinga kwa betri ya gari kijijini tunakumbuka: ukiikamua hadi picha inywee, betri haimalizi mwaka. Kwenye baridi ni mbaya zaidi, kwa sababu betri ya asidi iliyoisha chaji huganda kwenye nyuzi chache tu chini ya sifuri, ilhali iliyojaa huhimili hata 50 chini. Iliyoganda usiichaji.

Na kama umehamia lithiamu, zile namba zangu za 12.7 na 12.2 zisahau, maana volti yake hukaa palepale karibu hadi mwisho. Utahitaji kifaa cha kuhesabu ampea zinazoingia na kutoka. Hakikisha pia betri ina kinga ya kukataa chaji chini ya nyuzi sifuri, hasa kama unaishi Minnesota. Binamu yangu ana betri mbili nzima za asidi, ya tatu ya nini?