Karatasi Mnayoitafuta Iko Kapuni

Jamani, kuna jambo limenikaa kooni. Vijana wanaosoma elektroniki vyuoni, hasa wa mwaka wa mwisho, wanamaliza pesa kwa karatasi za picha wakiamini kwamba bila hizo huwezi kuhamisha mchoro wa saketi kwenye bodi ya shaba. Asiye na hela anaagiza bodi China na kusubiri wiki kadhaa, au mradi wake unaishia kwenye daftari. Huyo naye tutamwita mhandisi?

Wino wa printa ya leza si wino hasa, ni unga wa plastiki. Printa inauyeyusha ushike karatasi. Ukiilaza karatasi hiyo juu ya shaba na kupiga pasi ya moto, unayeyuka tena, na sasa tunataka uiache karatasi ung'ang'anie shaba. Karatasi ya kawaida ya fotokopi haikubali kirahisi kwa sababu plastiki inanasa kwenye nyuzi zake. Hata gazeti ninaloliandikia halifai (samahani, mhariri), ni nyuzi tupu.

Sasa tazama kurasa za ndani za jarida linalong'aa, au kipeperushi cha supamaketi. Mara nyingi zimepakwa madini laini, mfano ule udongo mweupe wa kaolini. Unga wa printa unakaa juu ya mpako huo. Baada ya pasi unaloweka bodi kwenye maji, karatasi inalainika, unaisugua taratibu kwa kidole na mistari inabaki kwenye shaba. Picha za matangazo zilizokuwepo zisikutie hofu, wino wa kiwandani kwa kawaida hauhami.

Ila si kila kinachong'aa kinafaa. Jalada lililofunikwa nailoni halipitishi maji. Karatasi za picha za printa za wino wa maji ndizo hatari zaidi, kwani baadhi zina tabaka la plastiki linaloweza kuyeyuka na kuganda kwenye roli ya moto, na hapo umeua printa ya mwenye steshenari. Mwambie kabla hujamkabidhi karatasi yako. Akikataa, mwelewe.

Ile karatasi ya njano ya Kichina iliyotengenezwa kwa kazi hii ni nzuri kweli, inaachia bila ubishi, mwenye uwezo anunue. Na kama saketi yako ina chipu zenye miguu myembamba kama nywele, agiza tu kiwandani. Lakini saketi ya kuchaji betri au ya kuwasha taa giza likiingia? Sugua shaba mpaka ing'ae, usiiguse tena kwa vidole vyenye mafuta, piga pasi.

Wahadhiri nao nawauliza: ofisi ngapi mjini zina marundo ya majarida ya zamani yanayongoja kuchomwa? Mnashindwa nini kuomba rundo moja na kuliweka maabara kabla wanafunzi hawajaanza miradi?